Kanuni za Kurasa za Mtandao na Msomaji Asiyeona

Mnamo tarehe 7 Juni 1999, Bwana Bruce Maguire, raia wa Australia asiyeona tangu kuzaliwa, alipeleka malalamiko mbele ya Tume ya Haki za Binadamu na Fursa Sawa ya nchi yake. Aliowalalamikia ni kamati iliyokuwa ikiandaa Michezo ya Olimpiki ya Sydney ya mwaka 2000. Alitaka kitabu cha maelezo ya tikiti kichapishwe kwa maandishi ya nukta nundu; tena alitaka aweze kuisoma tovuti ya michezo hiyo kama raia wengine walivyoisoma. Mambo hayo yalionekana madogo mbele ya shughuli kubwa kama ile, na yamkini wako walioyaona kuwa ni usumbufu. Lakini hukumu iliyotolewa mwaka uliofuata ni katika hukumu za kwanza ulimwenguni juu ya tovuti isiyosomeka kwa mtu asiyeona, na tangu wakati huo imetajwa mara nyingi kila penye shauri la namna hiyo.

Ili kufahamu jinsi tovuti ilivyoweza kumfungia mtu mlango, hapana budi kurudi nyuma miaka kumi. Katika Machi 1989, Bwana Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN karibu na Geneva, aliandika pendekezo la kuunganisha maandishi ya kituo kile. Wataalamu walitoka nchi nyingi, kila mmoja na kompyuta ya aina yake, wala haikuwa rahisi mmoja kusoma karatasi za mwenziwe. Mwisho wa mwaka 1990 mtambo wake ulikuwa ukifanya kazi. Katika Agosti 1991 aliutangaza kwa watu wa nje. Na tarehe 30 Aprili 1993 CERN ilitamka kwamba mtu yeyote aweza kuutumia bila ya kulipa ada. Tamko hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyodhaniwa. Mtambo ambao hakuna anayeumiliki hauna mwenyewe wa kuamuru watu wauandike namna gani. Kanuni zake hushikwa kwa ridhaa tu.

Maandishi ya mtandao huu yalipangwa kwa HTML, yaani utaratibu wa kutia alama ndani ya maandishi. (Wako waliotaka kuuita lugha ya alama, lakini jina hilo limekwisha kuwa la viziwi, nao wana haki nalo zaidi.) Tabia ya alama hizi ndiyo asili ya habari yote inayofuata. Alama haikusema neno hili liwe jekundu au liwe kubwa. Ilisema neno hili ni kichwa cha habari, haya ni aya, hii ni orodha. Kila kompyuta iliachiwa kuonyesha kichwa cha habari kwa jinsi iwezavyo: yenye kioo kikubwa kwa herufi nene, yenye kioo kidogo kwa mstari wa peke yake, na yenye kusema kwa sauti, kwa kutamka kwamba sasa kinakuja kichwa cha habari.

Tofauti hii, ya jambo lilivyo na jinsi linavyoonekana, si ngeni kwa watu waliozoea hati za pwani. Mnakili wa zamani aliweza kutia wino mwekundu penye mwisho wa kipande au mwanzo wa sura. Mwenye macho akiona wekundu hufahamu mara moja. Lakini ikiwa utenzi unasomwa kwa sauti barazani, wino hausikiki. Msomaji hana budi kutua, au kubadili sauti, ili wanaosikiliza wapate habari ile ile. Asipofanya hivyo, wekundu umewafaa wenye macho peke yao. Mtambo wa Geneva, kwa umbo lake la kwanza, uliandika maana na kuuacha wino kwa kila msomaji.

Hali hiyo haikudumu. Katika Februari 1993 Bwana Marc Andreessen, kijana wa Chuo Kikuu cha Illinois, alipendekeza alama ya kuingiza picha katikati ya maandishi, na kivinjari cha Mosaic alichokitengeneza pamoja na wenzake mwaka huo kikaipeleka alama hiyo kila mahali. Picha zilifanya mtandao upendwe na watu wasio wanafizikia. Pamoja na alama ya picha palitengwa nafasi ya maneno machache ya kutumiwa badala yake, kwa ajili ya mtu ambaye picha haikumfikia. Nafasi hiyo imo katika kanuni za HTML 2.0 za Novemba 1995, na katika HTML 4.0 ya Desemba 1997 maneno hayo yalifanywa kuwa ya lazima. Hata hivyo, mtengenezaji aliyeyaacha hakupata adhabu yoyote: kivinjari kiliionyesha picha yake vile vile, naye hakujua kwamba amekosa.

Baadaye yakaja mashindano ya wafanya biashara. Kivinjari cha Netscape kilitoka Desemba 1994, na kile cha Microsoft, Internet Explorer, kikatoka Agosti 1995. Kila upande ulibuni alama zake ambazo upande wa pili hauzifahamu. Netscape walikuwa na alama ya kufanya maneno yawake na kuzimika. Microsoft wakajibu kwa alama ya kufanya maneno yatembee kutoka ukingo mmoja wa kioo hata wa pili. Kurasa nyingi zikaandikwa chini kwamba zasomeka vyema kwa kivinjari fulani, mithili ya kitabu kinachomwagiza mnunuzi miwani ya kuvaa.

Lakini madhara makubwa hayakutoka katika michezo hiyo. Yalitoka katika jedwali. Alama za jedwali zilikusudiwa kwa hesabu na takwimu. Wachoraji wa kurasa, waliotoka katika kazi ya magazeti na matangazo, waligundua kwamba jedwali lisilo na mistari laweza kutumika kugawa ukurasa wote katika safu, kama gazeti. Walitia jedwali ndani ya jedwali, na penye nafasi iliyobaki wazi wakaweka picha isiyo na rangi, ya ukubwa wa nukta moja, wakainyosha mpaka ijaze. Kwa macho, kazi yao ilikuwa nzuri. Kwa mashine ya kusomea kwa sauti ilikuwa fujo. Programu za zamani za aina hii zilisoma kioo kwa mstari, kutoka kushoto kwenda kulia, bila ya kujua mpaka wa safu. Msomaji ajaribu kuchukua gazeti lenye safu mbili, safu moja ya habari za mazishi na ya pili ya bei ya karafuu, asome mstari wa kwanza wa zote mbili kwa pumzi moja, halafu wa pili, halafu wa tatu. Hapo atapata kuonja yaliyowapata wengine kwa miaka kadhaa. Na kila ilipofika ile picha isiyo na maneno, mashine ilitamka jina la faili lake, herufi na tarakimu zisizo na maana.

Dawa ya ugonjwa huu ilikuwa imekwisha pendekezwa. Bwana Håkon Wium Lie, Mnorwe aliyekuwa akifanya kazi huko huko CERN, alitangaza katika Oktoba 1994 njia ya kuweka maagizo ya sura mahali pake peke yake, mbali na maandishi. Yeye na Bwana Bert Bos wa Uholanzi waliiendeleza, nayo ikapitishwa kuwa kanuni ya CSS tarehe 17 Desemba 1996. Aliyeipitisha ni Muungano wa Mtandao wa Ulimwengu, W3C, ulioanzishwa na Bwana Berners-Lee katika mwaka 1994. Kupitisha ni jambo moja, kutii ni jingine. Vivinjari viliifuata kanuni hiyo nusu nusu, kila kimoja kwa nusu yake. Katika mwaka 1998 kundi la watengenezaji wa kurasa, Bwana Jeffrey Zeldman akiwa mmoja wao, liliunda chama cha kudai kwamba makampuni yazitii kanuni ambazo yenyewe yalishiriki kuzitunga. Waliandika, walilaumu hadharani, walitengeneza mitihani ya kuaibisha vivinjari. Chama hicho kilijivunja mwaka 2013, kikiona kazi yake imekwisha.

Wakati huo huo utafiti wa namna watu wanavyosoma kwenye kioo ulianza kuleta matokeo. Bwana Jakob Nielsen, Mdenmaki, alitangaza mwaka 1997 kwamba katika watu aliowapima, asilimia 79 hawakusoma ukurasa mpya neno kwa neno bali waliupitia kwa macho, wakiruka toka kichwa hata kichwa. Wachoraji walilichukua jambo hilo kuwa hoja ya kufupisha maneno. Ni wachache walioona upande wake wa pili, nao ni kwamba mtu asiyeona naye hutaka kuruka hivyo hivyo, asisikilize ukurasa mzima ili kupata mstari mmoja. Na mashine yake yaweza kumrusha toka kichwa hata kichwa ikiwa tu vichwa vimetiwa alama ya vichwa, si kunenepeshwa herufi.

Jambo la walemavu halikuwa limesahauliwa kabisa. Katika mkutano wa pili wa mtandao, uliofanyika Chicago mwaka 1994, Bwana Berners-Lee aliligusa katika hotuba yake. Bwana Gregg Vanderheiden wa Chuo Kikuu cha Wisconsin akaanza kukusanya maelekezo ya kutengeneza kurasa zinazofikika, na Aprili 1997 W3C ikafungua idara ya kazi hiyo. Maelekezo yake ya kwanza, yajulikanayo kama WCAG 1.0, yalitolewa tarehe 5 Mei 1999. Yalikuwa 14, yakigawanyika katika vipengele 65 vya kukaguliwa, na kipengele cha kwanza kabisa kilidai maneno badala ya kila picha.

Bwana Maguire alipeleka malalamiko yake baada ya mwezi mmoja na siku mbili.

Kuhusu tovuti, aliyoyadai yalikuwa matatu. Picha zake nyingi, na viungo vilivyochorwa ndani ya picha, havikuwa na maneno. Kwa hiyo kifaa chake cha nukta nundu kilifika hapo na kunyamaza. Kutoka ukurasa wa ratiba hakukuwa na njia ambayo yeye angeweza kuifuata kwenda kwenye orodha ya michezo. Tatu, majedwali ya matokeo hayakusomeka kwa utaratibu. Kamati ilijibu kwamba orodha ya michezo yapatikana ikiwa mtu ataandika anwani yake yote kwa mkono katika kivinjari. Jibu hilo lastahili kutafakariwa. Ni sawa na kumwambia mgeni kwamba mlango wa mbele umefungwa, lakini dirisha la nyuma laweza kupandwa na yeyote aliyekwisha ambiwa liko wapi.

Juu ya majedwali kamati ilitetea kwa hesabu. Ilisema kuna violezo 1,295 vya kurekebishwa. Kwamba mtu mmoja akifanya kazi saa nane kila siku angehitaji siku 368. Na kwamba mtambo wa peke yake wa kazi hiyo ungegharimu dola milioni 2.2. Sheria ya Australia ya mwaka 1992 inayokataza ubaguzi wa walemavu inamsamehe mtu ambaye kutii kungemtwika mzigo usio wa haki, na hesabu hizo zilikusudiwa kuthibitisha mzigo huo. Mashahidi wawili wenye ujuzi walizipinga: Bibi Jutta Treviranus wa Chuo Kikuu cha Toronto na Bwana Tom Worthington wa Australia. Walieleza kwamba violezo vilivyo tofauti kweli ni vichache sana kuliko idadi iliyotajwa, kwani kilichorekebishwa mara moja hurekebisha vyote vilivyozaliwa nacho. Na kwamba mambo ya lazima yangemalizika katika wiki nne kwa kundi dogo la mafundi. Waliongeza neno ambalo mafundi hulijua na wenye mali husahau, kwamba kama kazi ingefanywa tangu mwanzo, gharama yake ingekuwa ndogo mno.

Kamishna William Carter alitoa uamuzi wake tarehe 24 Agosti 2000. Alikataa utetezi wa mzigo usio wa haki, akaona kwamba Bwana Maguire amebaguliwa, akaamuru tovuti irekebishwe ifikapo tarehe 15 Septemba, siku ile ile ya kufunguliwa kwa michezo. Kamati haikutii isipokuwa kwa sehemu. Michezo ilifunguliwa, mbio zikakimbiwa, medali zikagawiwa, na majedwali ya matokeo yakabaki kama yalivyokuwa. Tarehe 6 Novemba, michezo ikiwa imekwisha, kamati iliamriwa kulipa dola 20,000. Kwa hiyo sheria ilimpa haki yake Bwana Maguire, lakini haikumpa matokeo ya mbio hata moja katika siku ambazo kila mtu nchini kwake alikuwa akiyazungumza. Wanaoisifu hukumu hii aghalabu hulipita jambo hilo haraka.

Yaliyofuata yaweza kusimuliwa kwa ufupi. Huko Marekani chama cha kitaifa cha watu wasioona kilishtaki kampuni ya maduka ya Target katika mwaka 2006, na shauri likamalizika kwa mapatano katika Agosti 2008, kampuni ikikubali kutenga dola milioni 6 kwa wadai. Tarehe 11 Desemba mwaka huo ilitoka WCAG 2.0, iliyopanga kila kitu chini ya nguzo nne: yaliyomo yatambulike, yatumike, yaeleweke, na yaendane na vyombo mbalimbali. Mwaka 2012 maelekezo hayo yalikubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa cha ISO. Matoleo ya nyongeza yalifuata mwaka 2018 na 2023. Katika Afrika ya Mashariki, Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za walemavu mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Nayo Kenya ikatoa mwaka 2022 kiwango chake cha taifa cha ufikivu wa vyombo vya habari na mawasiliano ya kompyuta.

Lakini kwa mwanafunzi wa lugha kuna kipengele kimoja katika maelekezo haya kinachostahili kuangaliwa peke yake, nacho ni kile kinachodai kwamba kila ukurasa utaje lugha yake. Utaratibu wake ni mwepesi. Tangu HTML 4.0, mwanzoni mwa ukurasa huandikwa herufi mbili: en kwa Kiingereza, fr kwa Kifaransa, sw kwa Kiswahili. Mwenye macho hazioni herufi hizo wala hazihitaji. Mashine ya kusoma kwa sauti huzitumia kuchagua kanuni za kutamka.

Kiswahili na Kiingereza huandikwa kwa herufi zile zile kwa sababu ya maamuzi yanayojulikana. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa lugha sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilisimamia tahajia moja kwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Watu wa Mombasa na Lamu, wenye fasihi iliyokwisha komaa, walikuwa na sababu za kunung'unika, na manung'uniko hayo hayajakoma. Hata hivyo tahajia iliyopatikana ni nyepesi kuliko nyingi za Ulaya: kila irabu ina sauti moja, na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa mashine ni lugha ya kutamanika. Ilivyo ajabu ni kwamba wepesi huo wote hupotea mara tu mashine inapoambiwa kwamba lugha ni Kiingereza. Pole hutoka kama poul, maana yake mti wa bendera. Kale huwa keil, mboga ya majani. Pale, wake na mate hupoteza silabi zao za mwisho na kuwa peil, weik na meit. Sentensi yenye maneno hayo haisikiki kama Kiswahili kilichotamkwa vibaya. Husikika kama Kiingereza kisicho na maana, na msikilizaji hana la kukamata.

Ujuzi wa kutamka haukosekani. Katika mwaka 2006 Bwana Michael Curran wa Australia, yeye mwenyewe asiyeona, alianza kutengeneza NVDA, programu ya kusomea kioo ambayo hutolewa bure, na Bwana James Teh akaungana naye. Programu hii hutumia sauti ya eSpeak, iliyoanzishwa na Bwana Jonathan Duddington, ambayo ndani yake mna kanuni za Kiswahili. Sauti hiyo si tamu, na ina upungufu wake. Haiwezi kupambanua barabara, njia ya magari, na barabara yenye maana ya sawasawa, kwa kuwa tahajia ya 1930 haikuweka alama ya mkazo, na msomaji wa kitabu huongozwa na maana tu. Kadhalika ile alama ya ng' huingizwa katika kompyuta kwa namna mbili au tatu tofauti, ambazo kwa macho hufanana na kwa mashine ni vitu mbalimbali. Kwa hiyo ng'ombe wa ukurasa huu huenda asiwe ng'ombe wa ukurasa ule. Haya ni mambo ya kufanyiwa kazi na wataalamu wa lugha, si mafundi peke yao.

Lipo na jambo jingine ambalo si rahisi kulikisia. Ukurasa usiotaja lugha yoyote haumdhuru sana msomaji wa Kiswahili, kwani programu huendelea na sauti aliyoichagua mwenyewe. Unaomdhuru ni ule uliotaja lugha isiyo yake: hapo programu, kwa utiifu, huiacha sauti ya Kiswahili na kuhamia ya Kiingereza. Na kurasa za namna hii si haba. Mtengenezaji wa Nairobi au wa Dar es Salaam huchukua kiolezo kilichotayarishwa ng'ambo, ambacho mwanzoni mwake mna zile herufi en. Hubadili kichwa, rangi, picha na maneno yote yanayoonekana. Hutafsiri hata neno tafuta lililo ndani ya kisanduku. Hufungua ukurasa, huutazama, huuona ni wa Kiswahili kitupu, na kuuweka hadharani, na zile herufi mbili hubaki mahali pake.